Jina Alilonituma Kulwa

Siku tulipowasikia kwa mara ya kwanza tulikuwa tunafunga tumbaku. Ilikuwa Jumamosi, Goweko, nyumbani kwa baba yao Kulwa na Doto. Majani yalichumwa asubuhi na yalitakiwa yaingie bani kabla ya giza, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuinua kichwa. Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku, kwa asiyewahi kuonja taabu hiyo: majani yananing'inia juu kwenye fito, moto unawaka chini, na mtu unakonda katikati. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Redio ya mzee ilitundikwa kwenye msumari, na mawe yake, yaani betri, yalikuwa yameshinda juani ili yapate nguvu kidogo.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha, mvulana na msichana. Mimi, Shija, nilikuwa jirani yao, na kwa kuwa kwetu hapakuwa na redio, kazi za kwao nilizipenda kuliko za kwetu. Doto alikuwa anazungusha kitufe akitafuta muziki wa dansi. Akaangukia stesheni ya Wazungu, ya mbali sana. Kwanza lilikuja gitaa la umeme peke yake. Halafu ngoma zikaingia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayodai ni yake. Mwimbaji alikuwa na sauti ya kukwaruza, mimi nikadhani anagombana na mke.

Kulwa aliacha kufunga. Alikaa na ufito mapajani, mdomo wazi, mpaka wimbo ukaisha. Mzee alisema tuzime kelele hizo; Doto alipunguza sauti lakini hakuzima. Mtangazaji akaanza kusema ni akina nani waliopiga, na hapo hapo mawimbi yakakoroma. Hatukusikia jina.

Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, tulikuwa pale. Walipigwa tena, wimbo mwingine, lakini sauti ni ile ile, huwezi kuikosea. Jina likatuponyoka tena. Ikawa ndiyo desturi: ama mawe yanaisha nguvu, ama mawimbi yanakoroma, ama mzee anamwita mtu wakati ule ule. Kiingereza cha yule bwana mtangazaji nacho kilikuwa kinakimbia. Doto alikuwa amesoma kwa masista, karibu na Kipalapala, kabla ada haijamrudisha nyumbani, na sisi wawili tulimtegemea yeye. Wenzetu kijijini waliona tumerogwa. Tuliwaita "wale wetu", basi.

Tukawekeana ahadi, kwa mzaha uliokuwa nusu kweli. Atakayelijua jina kwanza atawaambia wenzake, na hao wengine watamfulia nguo msimu mzima. Kulwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, alisema ni lazima awe yeye. Doto akamjibu kwamba kutangulia kuzaliwa ndiyo kazi pekee aliyowahi kuimaliza.

Halafu redio ile ile ikatuletea habari za Kagera. Nduli ameingia, watu wanakimbia, daraja limevunjwa. Kagera kwetu ilikuwa mbali. Wengi hatukuwahi hata kuona ziwa. Lakini vijana wa mgambo tuliitwa majina, na mimi na Kulwa tulikuwa mgambo.

Doto alitusindikiza stesheni. Alileta mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akampa Kulwa, akaniambia mimi nihakikishe hali peke yake. Hakulia. Treni ilipopiga honi alisema, "Nitalipata jina kabla hamjarudi."

"Hulipati," Kulwa alimjibu. "Nitakuletea mimi."

Reli ile inafuata njia ya misafara ya zamani. Babu zetu Wanyamwezi waliipita kwa miguu wakibeba pembe za ndovu za watu wengine mpaka pwani, na bado tunajisifu kwa hilo, sijui kwa nini. Kulwa alichungulia dirishani akasema kwamba sisi tumeendelea, maana tunabeba bunduki za watu wengine na tumekaa. Behewa zima likacheka. Tabora tulipewa sare, tukapanda treni ya Mwanza, kisha meli.

Sitasimulia vita vyote. Wapo waliosimulia vizuri, na wapo waliosimulia vizuri mno. Nitasema nilichokiona. Niliona daraja limelala mtoni. Niliona ng'ombe wamekufa barabarani wamevimba, na mwanamke amekaa nje ya nyumba isiyo na paa, anafagia. Tulivuka mpaka. Tulitembea usiku na kuchimba mahandaki mchana, mvua ikinyesha juu ya yote mawili. Woga nilikuwa nao, sioni haya kusema. Kulwa naye alikuwa nao, lakini wa kwake ulimfanya aongee, na alichoongea sana kilikuwa ni wale wetu. Alikuwa akizipiga zile ngoma kwa kijiko kwenye bati lake la chakula mpaka nusu ya kikosi, wakiwemo watu wa Mtwara na Tanga ambao hawakuwahi kuwasikia, wakawa wanaujua ule wimbo wa kwanza kuliko nyimbo za mchakamchaka. Walikuwa mashabiki wa bendi iliyopigwa kwa kijiko. Sajenti wetu, mtu mzima asiyecheka, aliuliza jina la bendi. Kulwa akasema linakuja.

Tukafika kwenye mji mdogo ambao wenyewe walikuwa wamekimbia. Tulipangiwa kulinda njia panda, na nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya mwalimu, maana ubao mweusi ulikuwa sebuleni. Sajenti alikuwa ametukataza kuchukua hata sindano ya mtu. Mezani palikuwa na mashine ya santuri, na chini yake santuri zenyewe, zimepangwa vizuri kama vitabu vya sala.

Umeme haukuwepo. Kulwa alisimama akaitazama ile mashine kwa muda, mpaka nikamwonea huruma. Halafu akaweka santuri, akaishusha sindano, akaizungusha kwa kidole. Tukainamisha vichwa mpaka masikio yakakaribia kugusa sindano. Mnajua, inasikika. Ni sauti ndogo kama ya mbu, inayopanda na kushuka kadiri kidole kinavyochoka, lakini ni muziki. Tulisikia kwaya. Tulisikia rumba. Tulisikia mtu anahutubia kwa Kiganda.

Mwishoni zilibaki tatu, zote za Wazungu wenye nywele ndefu, magitaa mabegani. Kulwa aliyasoma majina kwa sauti, na mimi nikayarudia. Mawili yalikuwa marefu. La katikati lilikuwa fupi: Marlo. Alikuwa ameshika ya kwanza, anaitoa kwenye jalada, Sajenti akatuita. Tunaondoka.

"Ni mojawapo kati ya hizi," Kulwa alisema. Alizirudisha tatu zote mahali pake. Nilimwona anapangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye shamba la migomba, tunachimba.

Makombora yalianza bila onyo.

La kwanza lilipita. La pili lilianguka mbele. Nilijitupa chini, nikaingiza uso kwenye matope, na nikasikia la tatu kwa tumbo kuliko kwa masikio.

Nilipoinua kichwa, mgomba uliokuwa kati yetu haupo. Kulwa alikuwa amekaa. Alikuwa anatazama tumbo lake.

Daktari wa kikosi alimfunga jeraha. Alifunga vizuri, alikuwa na mikono mizuri, kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba huyu anahitaji hospitali, na hospitali ni lori. Lori liko wapi? Lori linakuja.

Tulimbeba kwa turubai mpaka kando ya barabara.

Lilipita la kwanza, likielekea mbele, limejaa risasi. Nilisimama katikati ya barabara. Dereva alifunga breki, akanitukana, akamwona Kulwa, akaacha kunitukana. Akasema hawezi kugeuza, lakini akishusha mzigo atarudi kumchukua. Nilimwamini. Naamini mpaka leo kwamba alikuwa na nia hiyo.

Hakurudi.

Mvua ilianza. Nilimfunika kwa koti langu. Aliomba maji, daktari alikuwa amenikataza kumpa maji. Nililowesha kitambaa nikampangusa midomo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Nilikuwa na bunduki, risasi, jembe, mikono miwili yenye nguvu za mkulima, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na faida yoyote pale.

Aliniuliza leo ni siku gani. Sikujua. Nikawauliza waliokuwa wanapita, nao hawakujua.

Baadaye akasema, "Shija. Kati ya zile tatu, wewe unasema ni ipi?"

Sikuwa na namna ya kujua. Nilichagua kwa sababu moja tu, kwamba lilikuwa fupi, na nilimwona hana pumzi za maneno mengi. Nikamwambia, "Marlo."

"Marlo," alisema. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeshinda bao. "Mwambie Doto. Mwambie nimetangulia mimi."

Hakusema tena. Lori lingine lilikuja, likasimama bila kuombwa, dereva akashuka kutusaidia. Lilichelewa.

Amezikwa Kagera pamoja na wenzake. Nimekwenda mara moja tu, na nafasi ya kusimama kati ya kaburi na kaburi ni ndogo.

Niliporudi Goweko msiba ulikuwa umeshaanuliwa zamani. Watu walikuja kunipa mkono, wakasema kazi ya Mungu haina makosa, nami niliitikia kwa kuwa ndivyo mtu anavyoitikia, ila moyoni nilikuwa na la kusema. Doto alikuwa bani, anafunga tumbaku peke yake. Redio ilikuwa kwenye msumari wake, imezimwa. Nilimweleza yote mpaka kwenye barabara. Kisha nikampa salamu yake: bendi inaitwa Marlo, na aliyetangulia ni Kulwa.

Vidole vyake viliendelea kufunga. Halafu akasema, "Asante, Shija. Umenifikishia." Akauliza kama Kulwa alisema kwa furaha. Nikamwambia ndiyo, na hilo lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo, kila walipotajwa, aliwaita Marlo, na mimi nikawaita Marlo.

Miaka imekwenda. Nilihamia Tabora mjini, nikafungua karakana ya useremala mtaa wa Ng'ambo, nikaoa, nikazeeka. Doto alibaki Goweko, akaolewa, akafiwa na mume. Watoto wa Kulwa hawapo; hakuwahi kupata hata nafasi ya kuposa. Ushindi tuliupata, sisemi haukuwa na maana, lakini mimi nikiupima naupimia kwa mtu mmoja, na mizani inakataa kusimama sawa.

Mwaka huu mjukuu wangu Neema alikuja likizo kutoka chuoni. Anapenda muziki wa zamani wa roki, sijui kaurithi wapi, na yumo kwenye kundi la mtandaoni la mashabiki wa bendi moja. Siku moja waliulizana kila mtu aeleze alivyowajua kwa mara ya kwanza. Mmoja alisikia kwenye gari la baba yake, mwingine baa, mwingine kwenye filamu. Neema alikuwa ananisomea huku akicheka, kisha akaupiga wimbo.

Nilikuwa na randa mkononi. Niliiweka chini.

Gitaa lilikuwa peke yake kwanza. Halafu ngoma. Nilimwambia Neema kwamba hao ni Marlo. Akasema, "Hapana babu," akanionyesha jina kwenye simu. Lilikuwa jina jingine kabisa. Halikuwemo hata katika zile santuri tatu.

Nilikosa usingizi. Kulwa alikuwa amekwenda na jina lisilo la wale wetu, na mimi ndiye niliyempa. Niliona angalau Doto asife nalo. Neema aliuweka ule wimbo kwenye simu yangu, na kesho yake nilipanda treni.

Nilimkuta uani, anachambua karanga. Aliniamkia kwa Kinyamwezi, akaniletea kigoda, akanitania kwamba nimekuja kuposa nimechelewa. Nikamwambia lililonileta. Sikufika mwisho. Nilipofungua mdomo kutaja jina la kweli, alilitaja yeye, polepole, kwa Kiingereza cha masista.

Nilimuuliza alilijua lini.

"Jumamosi ya pili baada ya nyie kuondoka," alisema. "Mawimbi yalitulia, yule bwana akalitaja mara mbili. Nilicheka peke yangu bani. Nikasema Kulwa akirudi, atafua mpaka akome."

"Na mimi nilipokuja na Marlo, mbona hukuniambia?"

Alipuliza maganda ya karanga kwenye ungo. "Kaka yangu hakuwa na kitu kingine cha kunitumia, Shija. Ningekikataa?"

Niliwasha simu, nikaiweka juu ya kinu, tukasikiliza mpaka mwisho. Hakukuwa na mkoromo wowote. Ulipokwisha, aliniomba niwarudie tena hao Marlo, nami nikawarudia.

Niliporudi Ng'ambo, Neema alitaka kuandika habari zangu kwenye kundi lao, babu alivyowajua. Nilimsimulia, yeye akiandika. Tulipofika kwenye jina alisimama, akauliza kama asahihishe, maana wenzake watanicheka.

Nikamwambia aandike Marlo.