Fahali Aliliwa, Kesi Ikabaki

Nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi pale Katesh, nimevaa gauni la kanisani, nimejipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Nilikuwa nimefuata cheti cha tabia njema. Alama zangu za vidole zilishachukuliwa, zikapelekwa zinakopelekwa, na mimi nikaitwa nije kusikia majibu. Askari mwenyewe kijana tu, ana adabu zake. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akatazama kompyuta yake. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kompyuta, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja na habari ya msiba.

"Mama, uliwahi kuiba ng'ombe?"

Nikacheka! Haki ya Mungu nilicheka, maana sisi watu wa ng'ombe tunataniwa sana, nikadhani na yeye ananitania. Lakini hakucheka. Akasema, "Hapa inasoma ulitiwa hatiani kwa wizi wa ng'ombe, mama. Zamani. Mahakama ya mwanzo." Nilihisi benchi limeondoka chini yangu. Mimi? Mimi mzee wa kanisa, ninayetunza ufunguo wa sanduku la sadaka? Nikamwambia, "Mjukuu wangu, angalia vizuri, huyo siyo mimi." Akasema kwa upole, "Mama, vidole havifanani na vya mtu mwingine."

Sasa ngoja nikueleze cheti chenyewe kilikuwa cha nini, usije ukadhani nilikuwa natafuta kazi uzeeni. Kulikuwa na mtoto anaitwa Anjela. Mama yake, Martha, alikuwa anamlea peke yake kule Jorodom, chini ya mlima, na tope la mlima lilipoteremka asubuhi moja ya mvua kubwa, lilimchukua Martha na nyumba yake. Anjela alikuwa amelala kwa jirani wa upande wa juu, akapona. Akapelekwa kwenye kituo cha watoto, mbali, kwa watu wema lakini wasiojua hata anaitwaje nyumbani. Mimi nikaenda ustawi wa jamii nikasema, huyu ni wangu, nipeni nimlee. Ofisa akaniambia vizuri tu kwamba mtoto hapewi mtu hivi hivi, lete cheti cha polisi. Nikatoka pale nikiimba. Cheti? Cheti ni kitu gani kwangu!

Utaniuliza Anjela alikuwa wangu kwa njia gani. Hapo ndipo lilipo neno lenyewe, na hapo ndipo ng'ombe anapoingia.

Nilipokuwa kijana, mtoto wa kwanza bado yuko mgongoni, tulikuwa na jirani anaitwa Gidamo. Mke wake alikuwa rafiki yangu. Akajifungua mtoto wa kike, ndiye huyo Martha, na kabla hajatoka kwenye siku za uzazi, Gidamo akalewa, akampiga, akamtoa nje na kichanga chake kwenye baridi. Maziwa ya yule mama yakakauka kwa hofu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikamchukua Martha nikampa ziwa moja, wangu akabaki na jingine. Ndiyo maana nakwambia Anjela ni wangu.

Na sisi Wabarabaigi, mwanangu, mwanaume anaweza kukosana na wanaume wenzake wakamalizana kwa wazee. Lakini akimgusa mama mzazi, yule aliyetoka kujifungua, hapo amekosana na wanawake wote. Wanawake wanakaa baraza lao wenyewe, wanaamua, na faini yake ni fahali mweusi. Nyama ya fahali huyo mwanaume haonji hata mchuzi. Basi tulikaa mbele ya lango la Gidamo tangu umande haujakauka, tukiimba, mpaka wazee wa kiume wakaja wakamwambia, toa. Akatoa. Alisimama pale langoni, kichwa chini, akasema mbele ya watu wote, "Mchukueni." Nikapewa heshima ya kushika kamba kwa sababu mimi ndiye niliyemnyonyesha mtoto. Weee, nilitembea na yule fahali kama bibi harusi!

Kumbe Gidamo alikuwa na kaka yake mjini, mfanyabiashara wa mnadani, mtu wa kujiona. Aliposikia akaona ni aibu ya ukoo, akaenda polisi: ng'ombe wa ndugu yangu kaibwa. Kesho yake askari wakafika, wakakuta ngozi imewambwa juani. Wakauliza, "Nani alimtoa zizini?" Mtu mwenye akili angeuliza kwanza, kwa nini unauliza? Mimi nikajibu kwa sauti, kifua mbele, "Mimi!"

Nikapakiwa kwenye gari na mtoto wangu mgongoni. Wakanipaka wino vidoleni, nikaona ni mambo ya serikali tu. Mahakamani hakimu akanisomea kwamba niliiba ng'ombe dume, mali ya Gidamo, ni kweli si kweli? Nikasema, "Ni kweli tulimchukua. Alikuwa haki yetu, huyu bwana alimpiga mzazi." Nilitaka kuendelea kueleza, nina hadithi nzima kichwani, lakini hakimu alishainama anaandika. Gidamo mwenyewe alikuwepo, amenyamaza kimya pembeni ya kaka yake. Halafu hakimu akamtazama mtoto wangu anayelia, akanionya, akasema ananiachia kwa masharti, nisifanye kosa tena, niende nyumbani. Nikamshukuru! Mwanangu, nilimpigia magoti nikamshukuru.

Nyumbani nikapokewa kwa vigelegele. Kila mtu anafurahi isipokuwa bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye alikuwa anaongoza baraza la wanawake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, haongei mara mbili. Akaniita jikoni.

"Hakimu amesema huna kosa?"

"Amesema niende, bibi."

"Sijakuuliza kama amesema uende. Nimekuuliza, amesema huna kosa?"

Nikainama nikachochea moto. Akasema, "Hata fisi akichoka anamwachia mbuzi, lakini mbuzi anaondoka na jeraha. Kuachiwa siyo kusafishwa. Kesho rudi ukamuulize." Nikaitikia ndiyo bibi, kama mnavyoitikia nyinyi vijana, na sikwenda. Nilimwona mzee anatafuta shida mahali shida imekwisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilingoja miaka yote hiyo ndipo likavunjika, pale pale kwenye benchi la polisi.

Baadaye Gidamo alitubu, akaleta asali, pombe ikatengenezwa, watu wakapatana. Na kwetu jambo likishapatanishwa halitajwi tena. Fahali ameliwa, neno limeliwa. Ukilitaja, unafufua laana. Basi hakuna aliyelitaja, mpaka nami nikasahau kwamba niliwahi kusimama mbele ya hakimu. Sisi tulikuwa tumesahau, serikali ilikuwa inakumbuka.

Nilitoka polisi sijui nimepita njia gani. Usingizi ulikataa, chakula kilikataa. Nikamfikiria yule mtoto kule anangoja, na mimi nimemwahidi kwa simu kwamba bibi anakuja. Nikaona nimwambie nini? Kwamba bibi ni mwizi?

Mungu si Athumani, kuna binti anaitwa Neema, msaidizi wa kisheria, anasaidia watu bila malipo. Nikamweleza yote, naye akashika kichwa. "Bibi, hukuiba. Wewe uliamini ni haki yako, na ukasema hivyo mahakamani. Ulijitetea, wao wakaandika umekiri." Akanieleza kwamba rekodi ya namna hiyo haifutwi kwa kuomba polisi. Lazima tuombe mahakama ya wilaya itupe ruhusa ya kukata rufaa ingawa muda umepita, na hukumu ile ifutwe kabisa. Halafu akasema itasaidia sana kama mwenye ng'ombe ataapa kwamba alitoa mwenyewe.

Nikajiuliza, Nimwombe Gidamo ataje jambo lililoliwa?

Nilimkuta amekaa juu ya ngozi nje ya nyumba yake, mzee sasa, macho yameingia ukungu. Mke wake alishatangulia, na binti yake Martha kachukuliwa na mlima; kwa macho yale asingeweza kumlea mjukuu mwenyewe. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, za malisho, za miguu inayouma. Nikashindwa kuzunguka zaidi, nikasema tu, "Gidamo, nimekuja kwa ajili ya yule fahali."

Akageuza uso. "Yule ameliwa."

"Ameliwa, lakini mimi bado mwizi. Polisi wameniambia. Wananinyima Anjela kwa sababu niliiba ng'ombe wako."

Mwanangu, sijawahi kuona mtu mzima anashtuka namna ile. Fimbo ilimtoka mkononi. "Mwizi? Wewe? Mpaka leo?" Akatafuta fimbo kwa kupapasa, akaiacha. "Nilikaa kimya siku ile kwa sababu ya kaka yangu. Nikasema wamemwachia, limekwisha. Kumbe ukimya wangu ndio umemfungia mjukuu wangu mlango!" Akalia, mzee yule, bila kujificha. Na mimi nikalia, kwa hasira na kwa huruma pia, sikujua ipi ni ipi.

Neno lisilotajwa halifunguliwi hovyo. Tukawaita wanawake wazee waliobaki, wakakaa, asali ikamwagwa kidogo chini, nao wakampa Gidamo ruhusa ya kulitaja. Ndipo Gidamo akaenda kuapa mbele ya wakili, akabonyeza dole gumba lake kwenye wino, akauliza kama limetoka vizuri au arudie.

Ilichukua muda, sitakudanganya. Nenda rudi, nenda rudi, ngoja tarehe nyingine. Ruhusa tulipata, na siku ya rufaa ikafika. Hakimu alikuwa mwanamke, ana miwani. Akafungua jalada la zamani lililokauka kama ngozi, akasoma kwa sauti, "Ni kweli tulimchukua. Alikuwa haki yetu, huyu bwana alimpiga mzazi."

Nilishika benchi. Yalikuwa maneno yangu! Maneno yangu ya ujana, yamekaa mle ndani miaka yote, mazima, hakuna aliyeyasikiliza. Hakimu akavua miwani, akasema mtu aliyesema hivi hakukiri wizi, alipaswa kusikilizwa, na hukumu ile anaifuta. Nikamuuliza Neema kwa sauti mahakama nzima ikasikia, "Amesema niende, au amesema sina kosa?" Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe akanijibu, "Mama, huna kosa." Nikamkumbuka bibi yangu, nikaomba radhi kimoyomoyo.

Na bado hatukulala. Neema alipeleka nakala ya uamuzi polisi, akafuatilia mpaka jina langu likatolewa, maana mahakama ikifuta na polisi wasipojua, mwizi anabaki pale pale kwenye kompyuta. Cheti kikaja kisafi.

Siku Anjela alipoletwa, ofisa wa ustawi alikuwepo na karatasi zake. Gidamo akaja taratibu, anavuta kamba, na kwenye kamba mtamba mweusi. Akasema ni wa mjukuu wake, apate maziwa, akanipa mimi nishike. Nikarudi nyuma! Naapa mkono ulikataa kugusa ile kamba. Yule mzee akamgeukia ofisa, akapaza sauti.

"Andika, binti! Andika kwamba nimetoa mwenyewe, nina akili zangu, na hakuna mtu aliyeniibia. Wala siku ile hakuniibia mtu."

Ofisa akaandika. Ndipo nikashika kamba.

Sasa mwanangu, shika haya. Ukiulizwa na mwenye kalamu, usijibu kwa kifua. Uliza kwanza unaulizwa nini, ukijibu, maliza neno lako lote. Wazee wakipatanisha jambo, washukuru, kisha nenda pia kule lilikoandikwa ukaone kama na huko limekwisha, maana moyo wa mtu unasamehe lakini jalada halina moyo. Ukikuta doa lisilo lako, usijifungie ndani kwa aibu. Tafuta anayejua sheria, udai lifutwe. Na ukiwa wewe ndiye unayejua ukweli wa mwenzako, usikae kimya pembeni ya kaka yako.

Nenda. Aseeta, Mungu wetu wa juu, akupe mvua kwa wakati na ng'ombe wanaorudi wenyewe jioni. Akupe ulimi unaomaliza maneno. Na siku jina lako litakaposomwa mbele za watu, asimame wa kusema, huyu namjua, hana kosa.