Nilipoacha Breki Wazi Nikaenda Kumwamkia Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kukanyaga. Basi, hiyo tu. Karakana yetu ilikuwa Lindi mjini. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya mwadhini, alilala uvunguni mwa pikapu, mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva. Tulikuwa tunatoa upepo kwenye breki. Nyie vijana mnaosoma haya, jueni kila gurudumu lina skrubu ndogo yenye tundu. Wa juu anakanyaga pedeli na kuishikilia, wa chini anafungua skrubu, mafuta ya zamani na upepo vinatoka, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia pedeli skrubu ikiwa wazi, upepo unavutwa ndani, na breki yenye upepo inabonyea tu bila kushika.

Akapita mzee mmoja na bakora yake. Mimi mtoto wa Kilwa, nimelelewa, nikaruka chini nikampa shikamoo. Uvunguni nikasikia mtu anatukana.

"Nani kakwambia uachie?"

"Namwamkia mzee, bosi."

"Breki ikiwa wazi huna mzee, huna shehe, huna mkwe! Rudi juu!"

Nilirudi nimenuna. Nilimwona hana adabu kabisa.

Baadaye nikahamishiwa Kilwa Masoko, nikapanda daraja, na magari nayo yakabadilika. Yakaja yenye breki za ABS. Humo mna kisanduku chenye vali, na ukikanyaga kwa ghafla kinabana tairi na kuiachia harakaharaka ili gari lisiserereke. Bosi wangu wa mwisho, Msimamizi wa Magari, mama mkali asiyerudia neno, alitukusanya akasema: "Kopo la mafuta ya breki lisikauke. Upepo ukiingia kwenye kisanduku hamtautoa kwa mguu. Utajificha mle, pedeli iwadanganye." Nikaandika kwenye daftari. Nilistaafu nikiwa nayajua yote hayo, ndiyo maana naona aibu hadi leo.

Binti yangu Mwanaidi alinunua gari lililotumika, lenye ABS. Kesho yake alikuwa ampeleke bibi yake, yaani mama mkwe wangu, kwa madaktari wa macho waliokuwa wamekuja Lindi kwa siku mbili tu. Jicho moja la bibi lilikuwa limeshaziba, la pili linafuata. Nikachungulia kopo, mafuta meusi kama kahawa. Mafuta ya breki hunywa unyevu, na pwani hii unyevu tunao. Nikasema, ah, kazi ya saa moja hii, nitabadilisha mwenyewe hapa uani.

Mwanaidi akakaa kwenye pedeli. Nikavisha mpira kwenye skrubu ya gurudumu la mwisho, ncha yake nikaizamisha kwenye chupa yenye mafuta ili isivute upepo, nikafungua skrubu, nikamwambia, "Kanyaga na kuachia polepole, mpaka nikwambie basi." Mara nikasikia, "Hodi wenyewe!" Mama mkwe.

Mkwe humwamkii umelala uvunguni, miguu nje. Nikatoka, nikafuta mikono, nikainama. Shikamoo, marahaba, wa nyumbani, wa shambani, mbuzi aliyezaa, jirani aliyefiwa. Nani atamkatiza mkwe? Na nyuma yangu mwanangu, mtiifu maskini, anakanyaga tu.

Nilipogeuka, kopo lilikuwa kavu.

Nikajaza, nikatoa upepo magurudumu yote manne, mara mbili. Pedeli ikawa ngumu, safi. Taa ya ABS haikuwaka. "Tayari, baba?" Mwanaidi akauliza. Bibi alishakaa kwenye mkeka anapanga khanga za safari. Nikajibu, "Karibu." Nikiwaambia ukweli, safari inavunjika na jicho linakwenda. Nikinyamaza, wawili hao watashuka miteremko ya Lindi juu ya breki yangu.

Nikachukua ufunguo nikaenda peke yangu kwenye kiwanja kitupu cha changarawe. Mara ya kwanza, polepole, breki ikashika. Ya pili ikashika. Nikatamani kurudi. Ya tatu nikakaza mwendo, nikakanyaga kwa ghafla. Kisanduku kikatetemeka chini ya mguu, trrr, halafu pedeli ikazama mpaka sakafuni. Ya Rabi! Nikavuta breki ya mkono, gari likapinda, likaenda kujichomeka kwenye mchanga. Nilikaa pale nikimwona Mwanaidi kwenye kiti kile.

Niliburutwa na trekta hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa bado kwenye mkeka.

"Mama, gari haliendi. Nimekosea mimi. Niliacha breki wazi nikaja kukuamkia."

Akanitafuta kwa jicho lile moja. "Kumbe shikamoo yako ndiyo ingeniua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitapanda basi. Acha kulia, mwanaume mzima."

Wakaenda kwa basi, na madaktari wakamwona. Siku ya tatu nilimwita fundi wa Nangurukuru, dada mmoja mwenye mashine ya kuamrisha kisanduku kifungue vali zake. Akalala chini, mimi nikapanda juu kukanyaga, kama siku yangu ya kwanza. Miaka yote niliyofanya kazi nilidhani yule mkuu wangu wa kwanza alikosa adabu. Sasa nimestaafu, naona adabu yake ilikuwa kwa abiria asiowajua.

"Shikilia!" fundi akasema, akafungua. Hapohapo bibi akaingia uani, jicho limefungwa bandeji, Mwanaidi kamshika mkono. Mwili wangu wote ukataka kushuka. Nikabaki nimekaa, mguu umeshikilia pedeli, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamwamkia mkwe wangu bila kuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kanyaga."