Jua Tumboni mwa Baba

Nilipokuwa mtoto, kila mtu mzima wa Makutupora alikuwa na nyoka tumboni. Sisi watoto tulikuwa na minyoo tu, na dawa yake tuligawiwa shuleni. Nyoka alikuwa wa wakubwa. Akilala vizuri, mtu anakula, anafanya kazi, asubuhi anakwenda chooni bila kumtangazia mtu. Akijikunja vibaya, choo kinafunga. Hivyo ndivyo alivyonieleza bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa Kigogo alimwita nzoka, na ambaye watu walimfuata kutoka mbali ili awakande.

Bibi alikuwa na sharti moja. Mgonjwa alale chali, kichwa kielekee mjini, yaani kusini, ili mkono wake wa kulia uwe upande jua linakotoka. Kiganja kinaanzia chini upande huo, kinapanda, kinavuka chini ya mbavu, kinashukia upande linakozama. Ukienda kinyume, alisema, nyoka atageuka na kupanda kifuani, na akishafika kifuani hakuna wa kumshusha.

Niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba baada ya Jumapili inakuja Jumatatu.

Nilikuwa na miaka kumi baba alipofunga choo siku sita. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu. Alishinda juani na maji kidogo, na jioni alikula ugali wa uwele kwa chumvi, kwa sababu mama alikuwa mjamzito wa miezi minane na hakuwa na nguvu za kwenda kuchuma mlenda. Siku ya sita baba hakuamka kwenda kazini. Mwaka uliotangulia jirani yetu mmoja alifunga choo hivyo hivyo, akapelekwa mjini, akarudishwa ndani ya sanduku. Baba alikuwa akitazama ukuta, nami nilijua anamfikiria nani.

Bibi alikuwa nyumbani kwetu, amekuja kumsubiri mjukuu. Lakini kwa desturi ya kwao mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, hamgusi, na kumkanda tumbo ni jambo lisilotajika. Mama naye alikatazwa. Bibi alisema nyoka angemsikia mtoto aliye tumboni. Nikabaki mimi.

Ilikuwa alasiri. Bibi alikaa sebuleni kwenye mkeka, mgongo wake ukielekea chumba cha wazazi wangu. Mlangoni palining'inia khanga ya mama badala ya pazia. Mimi nilikuwa upande wa ndani, na bakuli la mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto.

"Seche, muulize baba yako kama anatapika."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwake na alisikia kila neno. Alinitazama mimi.

"Mwambie sitapiki."

"Bibi, hatapiki."

"Muulize kama anatoa upepo."

Baba akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mwambie bibi yako... Mwambie kidogo."

"Kidogo, bibi."

"Kidogo kwa siku, au kidogo kwa wiki?"

Uani mama alicheka mpaka akalishika tumbo lake. "Baba Seche, jibu bwana! Nani hapa hajawahi?"

"Jana," baba alisema akilitazama bati la paa. "Mara mbili."

"Basi tutamkanda," Bibi alisema. "Angekuwa anatapika na upepo hakuna, ningewaambia mtafute gari sasa hivi. Paka mafuta. Kiganja, siyo vidole. Anzia jua linakotoka. Akishusha pumzi, ndipo mkono uende."

Dirisha la chumba kile lilikuwa mashariki. Nilianzia upande wa dirisha.

Bati lilikuwa na matundu ya misumari, na jua lilipenya likaacha madoa juu ya tumbo la baba. Mkono wangu ulipita juu ya madoa, na madoa yakapita juu ya mkono wangu. Bati lililia kwa joto. Khanga ilijaa upepo, ikashuka, ikajaa tena, na sauti ya Bibi ilikuja na kuondoka nayo. Sijui nilizunguka mara ngapi. Ilifika mahali nikaona si mimi ninayeusukuma mkono. Nilimhisi nyoka chini ya kiganja, mzito, anageuka usingizini.

Kisha baba akaguna na kushika kifua. "Hapa," alisema. "Imenikaba hapa."

"Kuna nini?" Bibi aliuliza.

"Amepanda, bibi. Amepanda kifuani."

Niliona kivuli chake kikisimama kwenye khanga. Vidole vyake vikashika ukingo wa nguo. Baba naye aliviona, akageukia ukutani na kufumba macho. Nilijua kwamba akiingia kutakuwa na jambo ambalo watu wazima hawa hawataweza kulirudisha, na kwamba asipoingia baba atakufa mikononi mwangu.

Vidole vikaiachia khanga.

"Seche. Kichwa cha baba yako kiko wapi?"

"Kwenye mto."

"Mto umeelekea wapi, mwanangu?"

Nikatazama. "Mashambani."

"Siyo mjini?"

"Siyo mjini, bibi."

"Mgeuze."

Baba alijivuta mwenyewe, mimi nikahamisha mto. Aliponiona nalia, alininong'oneza, "Siyo wewe. Ni kitanda."

Nikaanza upya, palepale dirishani, ambapo sasa palikuwa kulia kwake. Bibi alipitisha chini ya khanga vikombe vya maji ya uvuguvugu, kimoja baada ya kingine, na papai lililokatwa. Madoa ya jua yalikuwa yameshapanda ukutani baba alipokaa ghafla, akatafuta kandambili na kutoka. Bibi alijifunika uso kwa khanga yake mpaka hatua zikaisha.

"Taratibu, baba Seche!" mama aliita.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama nje ya dirisha. "Seche, mwambie bibi yako nimeshukuru."

"Mwambie mimi sijasikia kitu," Bibi alijibu.

Baba sasa ni mzee. Alipata kiharusi, na anaishi kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, kitandani. Watu wa kulala kitandani hufunga choo, kwa hiyo kijana mmoja wa mazoezi ya viungo alikuja kunionyesha namna ya kumkanda. Aliweka kiganja chini kulia, akapanda, akavuka chini ya mbavu, akashuka kushoto. Alisema utumbo mpana umepita hivyo.

"Na kitanda kikielekea upande mwingine?" nilimuuliza.

"Kitanda hakihusiki, dada. Fuata tumbo."

Sijui ni nini kilichomfungua baba siku ile. Huenda ni mkono wangu, au maji, au papai, au siku sita kutimia. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na ningeandika yote manne bila kuchagua. Ninalojua ni kwamba Bibi alikuwa na ramani ya kitu ambacho hakuwahi kukiona, na ilikuwa sahihi mradi kitanda kimekaa sawa. Najua pia kwamba nilikosea kumwelewa alipoiachia khanga. Nilidhani desturi imemshinda. Kumbe alikuwa amepata swali.

Kitanda cha baba nimekigeuza, kichwa kusini. Kijana wa mazoezi hajaniuliza sababu. Kila asubuhi mkono wangu unaanzia upande jua linakotoka, na nikimaliza baba hutazama mlangoni, kwenye pazia, akasubiri. Mwanzoni sikujua anasubiri nini.

"Baba," humwambia, "unaulizwa kama unatoa upepo."

Maneno yake yamebaki machache. Hilo bado analo.

"Mwambie kidogo."