Wasomaji Thelathini na Tisa wa Mhina

Kwa miaka kumi na minane Mhina alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha mkonge upande wa Ngombezi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya kitu chochote isipokuwa uzito. Mwaka wa tisini na tatu walipopunguzwa, alikabidhiwa barua ya mistari minne na kupewa mkono na bwana mmoja ambaye wiki iliyofuata naye alipewa mkono na mwingine. Wenzake wakaingia kwenye mitumba. Mhina alirudi nyumbani Manundu na kaunta buku mbili nene, tupu, alizojitunuku mwenyewe kwa utumishi mwema, akakaa barazani, akaanza kuandika riwaya.

"Unaandika nini?" aliuliza mkewe, Raheli.

"Riwaya. Miungu wawili wanagombea watu."

Raheli alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Wewe hata nafasi kwenye foleni ya unga huwezi kugombea, unawafundisha miungu."

Aliandika mwaka mzima. Akaiita *Mlima na Mbuga*. Mungu wa Mlima alikaa juu, kwenye ukungu, upande wa kabichi na chai. Mungu wa Mbuga alikaa chini kwenye vumbi la Handeni. Kila mmoja alirefuka shibiri moja kwa kila mtu aliyemfuata, na akifuatwa na mia anagusa mawingu. Akiachwa, anapungua. Basi wakaanza kunyang'anyana watu. Wa Mlima akagawa mvua, kisha mabati, kisha makoti ya baridi yaliyovaliwa na wafu wa nchi za mbali. Wa Mbuga hakuwa na cha kugawa, akawa anakaa tu na watu wake, kiu yao kiu yake, ng'ombe wao wakifa mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa kaunta buku ya kwanza alikuwa amebakiwa na mfuasi mmoja, bibi kizee aitwaye Naishorua, na yeye mungu amepungua hadi anaenea ndani ya kopo la ugoro. Bibi kafunga kopo, kalitia kwenye mkunjo wa shuka, kaanza kupanda mlima. Hapo ndipo kaunta buku ya kwanza inapoishia. Mhina hakuwa mjinga kabisa.

Akaandika barua kwa wachapaji wa vitabu Dar es Salaam. Wakajibu, tena kwa mashine. Walisema zamani kitabu kilichapwa kwa sababu kilikuwa kizuri, au kwa sababu mtu fulani alipiga simu. Sasa ni soko. Kama Mhina anataka mswada wake usomwe, alete kwanza maoni ya wasomaji wasiopungua arobaini, yakiwa na jina, mahali na sahihi, kabla ya mwisho wa Desemba. Asipofikisha, asijisumbue na stempu.

Arobaini. Mtu aliyepima mkonge miaka kumi na minane anajua kufikisha idadi. Akachukua rula, akapiga mistari kwenye kurasa za mwisho za kaunta buku ya kwanza: Namba, Jina, Mahali, Maoni, Sahihi. Akaiazimisha. Ya pili akaifungia kwenye sanduku la bati, akatangaza kwamba itatoka siku wasomaji watakapotimia arobaini, na si siku moja kabla.

Aliyefungua ukurasa alikuwa Twaha, fundi baiskeli wa pale kona. Aliisoma siku tatu, spoku mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, na wateja wakimtukana. Akaandika: "Mimi nimeingia kwa wa Mbuga. Wa Mlima anaringa na wingu lake kama mwenye pikipiki mpya. Naapa simwachi."

Maoni yalitakiwa yawe juu ya kitabu. Lakini mtu wa pili, Glory mshonaji, aliyasoma ya Twaha, akaona haiwezekani yakae bila jibu. "Mimi wa Mlima mpaka kufa. Wa Mbuga hata salamu hana. Nyie wafuasi wake mtakunywa vumbi na kusema asante."

Basi ikawa Simba na Yanga. Hakuna aliyeandika tena kwamba hadithi ni nzuri au mbaya. Kila mtu aliandika yuko upande gani, akaapa, akatia sahihi. Mkulima mmoja wa Vugiri aliyekuja kuuza kabichi aliandika: "Mungu wa kugawa mabati tunamjua, anakuja kila baada ya miaka mitano. Nabaki naye, nimeshapokea bati." Mwalimu mmoja alihama upande mara mbili, akatia sahihi zote mbili, na Mhina akamhesabu mara moja, kwa uchungu.

Mmoja tu aliandika maoni. Huyo alikuwa Moreto, mfugaji wa Handeni, ambaye Mhina alimkuta mnadani na kumwachia kitabu kwa wiki mbili, roho juu. Moreto aliwasomea boma zima. Akakirejesha kikinuka moshi na maziwa, na kwa herufi kubwa zilizokandamizwa alikuwa ameandika: "Ng'ombe hawafi hivyo. Siku ya tatu ya kiu hawalii, wanalala na kutazama upande mmoja. Rekebisha. Mengine ni kweli."

Mhina alinuna siku nzima. "Nimemfanya mungu akae kwenye kopo la ugoro, yeye kaona ng'ombe!"

"Si ndiye aliyesoma," alisema Raheli.

Kufikia katikati ya Novemba walikuwa thelathini na tisa.

Ukitaka kuujua mji, uambie umebakiza mmoja. Twaha alikuwa akisimamisha wapita njia. "Kaka, unajua kusoma? Keti hapa, nakujazia upepo bure." Wote waliojua kusoma na waliotaka kusoma walikwisha, na waliobaki walikuwa na kazi. Ndipo Glory, aliyekuwa anamshonea mzee Filemoni suruali ya ibada, akapata wazo lake. Mzee Filemoni alikuwa mzee wa kanisa wa usharika wao, mtunza kitabu cha washarika, mtu wa haki asiye na mbavu za kucheka. Ana miwani, ana muda, ana sahihi nzuri kuliko zote Manundu.

"Shikamoo mzee. Suruali hii hapa, na hiki kitabu. Bado mtu mmoja tu, ukisoma ukatia sahihi tunatimia."

"Marahaba. Mnatimia kwa jambo gani?"

"Utaona mwenyewe, mzee."

Sasa, huku kwetu karatasi yenye majina ikikufikia, iwe ya harusi au ya msiba, husomi kichwa cha habari. Unaangalia nani kakutangulia na kaandika nini, ndipo utoe kalamu. Mzee Filemoni alikuwa amepitisha karatasi za namna hiyo miaka thelathini. Akafungua nyuma. Akakuta mistari ya rula, namba, majina, sahihi, na viapo: nimeingia kwa wa Mbuga, wa Mlima mpaka kufa, simwachi. Akahesabu kumi na wanne wa usharika wake, wawili wakiwa wa kwaya. Na mshonaji wake mwenyewe kaja kumwandikisha awe wa arobaini, kamletea na suruali.

Tumtendee haki. Mwaka ule uwanja wa mpira wiki hii ulikuwa na mkutano wa injili, wiki ijayo mhadhara wa Waislamu, vipaza sauti vikigombana mpaka mbuzi hawalali, na kila upande ukihesabu waliovuka kuja kwake. Mtu wa daftari akiona daftari jingine, haoni hadithi.

Jumapili, kwenye matangazo, baada ya habari za mavuno, aliyasoma majina kumi na manne kwa sauti ileile ya mavuno. Wote wamesimamishwa meza ya Bwana mpaka kila mmoja afute jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na aliyewaandikisha asimame mbele ya watu atubu. Kisha akalirudisha daftari kwa Mhina kwa mkono wa Glory, ili kazi ya kufuta ifanyike kwa utaratibu.

Glory alifika barazani macho mekundu. Hakukaa.

"Kaka Mhina, nipe kalamu."

"Glory, ni hadithi. Wewe unajua ni hadithi."

"Najua. Mama yangu hajui, na harusi yangu Januari hiyo. Nipe kalamu." Akalikata jina lake, mara tatu, mpaka karatasi ikatoboka. Akaushika ule ukurasa kidogo. "Na yule bibi... akifika kule juu, analifungua kopo?"

"Bado hawajatimia arobaini," alisema Mhina.

Glory alimtazama kama mtu anayetafuta tusi la kutosha, akalikosa, akaondoka.

Wakaja wengine, mmoja mmoja, kama watu waliokwenda kuangalia maiti. Wengine walifuta kwa haraka, wengine waliomba samahani, na karibu wote, kalamu ikiwa bado mkononi, waliuliza habari za kopo. Twaha alikuja Jumatano. Mhina alikuwa amemtegemea Twaha.

"Wewe nawe? Wewe hukutajwa kule."

"Sikutajwa, lakini baba mkwe ana masikio. Kaambiwa mkwe wake kaapa kwa mungu wa mavumbi, na kaandika kwa mkono. Mke wangu kapelekwa kwao tangu jana." Twaha alifuta grisi kwenye suruali. "Ningeandika nimekipenda kitabu tu, ningekuwa salama. Domo langu hili."

"Basi andika sasa. Futa kiapo, andika umekipenda. Jina libaki."

Twaha alifikiri kweli, hilo tumpe. Kisha akalikata jina. "Karatasi ile ile, Mhina. Nani atasoma mpaka mwisho wa mstari?"

Wakafuata wasiotajwa wengine, kila mmoja na mkwe wake mwenye masikio. Wiki ilipokwisha Mhina alihesabu, ingawa hakukuwa na cha kuhesabu. Jina lililobaki lilikuwa moja. Moreto wa Handeni hakuwa kwenye kitabu cha mzee Filemoni wala cha mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyemfuata mbugani kumtaka afute. Ng'ombe hawafi hivyo. Rekebisha. Mengine ni kweli.

"Kesho kutwa ni Jumapili," alisema Raheli. Alikuwa anapiga pasi joho la kwaya, ambalo hakuna aliyemhakikishia kwamba atalivaa.

"Nitubu nini? Sijamwamini hata mmoja kati yao. Nimewaumba mimi, nawajua walivyo wapumbavu."

"Mimi nimeimba sauti ya kwanza miaka ishirini. Ulipopunguzwa, waliotuletea unga ni wale wanaokaa kwenye mabenchi yale. Si wachapaji wa Dar." Aligeuza joho. "Sikuombi uache kuandika. Nakuomba usimame."

Alisimama. Mzee Filemoni alimwuliza kama anawakana miungu ya daftari, akasema anawakana, jambo jepesi kabisa. Kisha akamwuliza kama ataendelea kuwatafutia watu wa kuwasoma na kutia sahihi. Mhina alimtafuta Raheli kwa macho kwenye mabenchi. Akasema hapana. Kaunta buku ya kwanza ikafungiwa kwenye kabati la usharika. Raheli akaimba sauti ya kwanza, vizuri sana, na Desemba ikaisha.

Januari Mhina alifungua sanduku la bati, akatoa kaunta buku ya pili, akampelekea Mwaija, mama muuza karanga wa stendi.

"Karatasi nzuri hii," alisema Mwaija akiipapasa. "Imeandikwa, lakini nzito. Huitaki?"

"Haina soko."

Ilipita kama wiki, mchana, jua kali, mzee Filemoni akaja barazani. Alikuwa amefutika kitu kwapani, kimefungwa gazeti. Mhina alisimama, akamwamkia, akamvutia kigoda. Mzee aliuliza hali ya Raheli, ya magoti ya Raheli, ya mahindi. Kisha akafungua gazeti.

"Ni wajibu wangu kujua kilichomo kabatini," alisema. "Nimekisoma. Kutoka mbele." Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu. "Yule bibi na kopo lake. Nasikia kuna kitabu cha pili."

"Kipo, mzee. Kwanza maoni, na sahihi."

"Mhina. Unajua siwezi."

"Najua. Nami nimeapa mbele yako sitamtafuta mtu. Kipo stendi kwa Mwaija, anafungia karanga."

Mzee Filemoni alivaa miwani, akakifutika tena kitabu kwapani. Akaondoka bila gazeti lake.

Mwezi huo Mwaija aliuza karanga kuliko alivyowahi kuuza tangu azaliwe. Mhina alijionea mwenyewe alipokwenda stendi kumpokea shemeji yake. Twaha alikuwa amechuchumaa kando ya meza akinyoosha karatasi kwenye paja. Glory, pete mpya kidoleni, alikuwa na tatu. Mzee Filemoni alikaa kwenye benchi la Mwaija, karanga zimejaa mfuko wa shati, anasoma huku midomo ikicheza.

"Nina ya sabini na mbili," alisema Twaha. "Nani ana sabini na tatu?"

"Kaondoka nayo abiria wa Lushoto," alisema Glory. "Mimi ninayo sabini na sita, bibi ameshafika juu. Ila anacheka, sielewi anacheka nini."

"Anamcheka wa Mlima," alisema mzee Filemoni, bila kuinua kichwa. "Ni lazima. Huyu mwandishi ana ulimi mchafu, lakini hakosei mtu. Sijasoma kitu kama hiki tangu nizaliwe."

Mhina alikuwa amesimama nyuma yake. Akatoa kalamu mfukoni, akaipitisha juu ya bega la mzee, taratibu, akaiweka juu ya karatasi.

Mzee Filemoni aliitazama ile kalamu, akamtazama mwenye kalamu. Twaha akageukia basi. Glory akaanza kuhesabu karanga zake moja moja.

"Zimekaangwa vizuri, hizi," alisema mzee Filemoni, akairudisha kalamu, akaomba fungu jingine.