Maji Yaliyonywewa na Mchanga

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila nikisinzia kitini baada ya chakula cha mchana. Nauona mto wa kwetu Mwala ukiwa mkavu, mchanga unang'aa hadi macho yanauma, na wanawake wameinama kwenye visima walivyochimba humo, wakichota maji polepole kwa kata. Kisha naliona pipa langu la buluu, na moyo unanienda mbio hata leo, mimi mzee mwenye viwanda viwili.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana niliyejiona nimefika. Nilikuwa nimeacha kazi katika kiwanda cha plastiki Nairobi, nikapanga kibanda nyuma ya soko la Machakos ili nibuni vitu vyangu mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa pipa la kuviringisha, lenye mpini wa chuma, la kubeba maji ya mitungi mitano kwa mpigo. Nilitaka kumwondolea mama yangu mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu hupitisha kwenye paji la uso ili mtungi ukae mgongoni. Ulikuwa umemchimba mfereji kwenye paji, na mfereji huo niliuona tangu nikiwa mtoto mdogo. Lakini kuuvaa mukwa mimi? Thubutu! Wavulana tulichunga mbuzi. Maji yalikuwa ya wanawake.

Basi nikalipeleka pipa langu mtoni. Nikawaomba wanawake watano, mama akiwemo, wanimiminie maji yao nionyeshe maajabu. Ulikuwa mwaka wa ukame, na maji hayo walikuwa wameyasubiri tangu alfajiri. Wakasitasita. Mama akamimina wa kwanza, akawaambia wenzake, "Wekeni tu. Huyu ni mtoto yangu, amesoma."

Nikavuta. Pipa likazama nusu mchangani. Nikalikokota hivyo hivyo hadi ukingoni, pale njia inapopanda kwenye mawe, na hapo mpini ukaniponyoka. Pipa likarudi chini, likapasuka. Maji yakatoka yote kwa sauti ndogo, kama mtu anayepumua usingizini. Mchanga ukayanywa, nami nikatamani unimeze pamoja nayo.

Nilingoja matusi. Hayakuja. Mama alivua mukwa wake akaninyooshea.

"Hii kitu umechora miezi ngapi?"

"Nane, mwaitu, mama yangu."

"Na hiyo miezi yote, uliniuliza hii njia iko namna gani?"

Nikaupokea ule mukwa.

"Vaa. Maji ya hawa mama utarudisha yote."

Nikayarudisha, mitungi mitano, safari tano, mchana kweupe, huku wanaume waliokaa dukani wakinicheka hadi kushika mbavu. Safari ya pili niliacha kuwasikia. Nilisikia mkanda tu, ukinikata paji. Nikaona pia kwamba mikono yangu ilikuwa huru, ya kushika mti nikipanda ukingo, kama wao wanavyowashika watoto. Kosa la mukwa lilikuwa wembamba wake tu. Nililia njiani, mwanangu, jasho likanisitiri.

Wiki hiyo nikashona mkanda mpana wa turubai, ndani nikatia kipande cha blanketi. Mama akaujaribu, akaurudisha: "Ongeza hapa." Aliurudisha mara sita. Mara ya saba aliuvaa akaenda nao mtoni. Mikanda hiyo ndiyo iliyonitajirisha, kutoka Kalama hadi Kivaa, kabla ya majiko na mizinga ya nyuki na vingine unavyoviona leo vyenye jina langu.

Mama hayupo tena. Ule mfereji aliondoka nao, kwa sababu nilichelewa kuuliza. Hilo linaniuma, na utajiri wote huu haujaliponya.

Kwa hiyo, wewe unayeota kutengeneza kitu cha kuwafaa watu, iache kalamu kwanza. Beba wanachobeba, kwa njia wanayopita, mpaka uchoke wanavyochoka. Ndipo uchore. Wakikurudishia kazi yako, ipokee kwa mikono miwili, hata mara sita. Mungu akufungue macho mapema kuliko mimi, na yeyote atakayekuamini akakumiminia maji yake, Mungu akujalie uyafikishe nyumbani kwake.