Mkonge Ulionichania Suruali Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu waliiona watu wazima, wanafunzi na tausi wawili, kwa hiyo kuificha hakunisaidii, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shangazi yake Rehema, ambaye kila akiisimulia anaitia chumvi mpya.

Mimi ni fundi baiskeli wa Kimamba, kule Kilosa. Rehema sasa ni mke wangu, ila wakati huo alikuwa mchumba tu, na kwao ni Dar es Salaam. Akaniita nikaonane na mama yake na shangazi yake kabla sijapeleka posa, nao wakaona kuliko kukaa sebuleni tunatazamana, twende tukapunge upepo kwenye ile bustani ya mimea ya zamani, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani, pale katikati ya jiji. Nami kwa kutaka kupendeza nikaazima suruali kwa rafiki yangu wa Mikumi anayefanya kazi hotelini (suruali ya maana kabisa, tatizo mwenyewe ni mwembamba kama spoku), nikavuta tumbo ndani, zipu ikapanda kwa kulalamika, nikasema itatosha.

Basi tunatembea chini ya ile miti mikubwa, mama mkwe kimya, mpole, shangazi ndiye mwenye maneno.

"Hivi Kimamba ndiyo wapi, baba? Mimi nimeshafika Mikumi kutazama wanyama, sijaiona."

"Huwezi kuiona, shangazi, mpaka uache barabara kuu uingie upande wa Kilosa."

"Kumbe porini!" Akacheka, na mama mkwe naye akatabasamu kidogo. Lile tabasamu liliniuma kuliko kicheko.

Hatujaenda mbali nikaona mkonge. Mkonge wenyewe, umekaa nyuma ya kamba kama mgeni rasmi, na mlingoti wake, ule mti wa maua unaochomoza katikati, umesimama juu! Moyo ukanienda mbio kama nimekutana na ndugu yangu mjini. Nikaruka kamba (najua, kamba haiwekwi kwa urembo), nikaupa mgongo, nikamwambia Rehema anipige picha, halafu nikarudi nyuma hatua moja ili mlingoti uingie wote.

Nikasikia chwaaa. Kisha nikasikia upepo, mahali ambapo upepo haupaswi kufika.

Mwiba wa ncha ya jani ulikuwa umeichana ile suruali ya watu kuanzia kiunoni hadi karibu na goti. Mama mkwe akasema, "Haya, twende." Twende wapi, jamani? Nikigeuka nimekwisha. Nikasema, "Mama, ngojeni kidogo, niwaeleze habari za mkonge."

Nikaanza kueleza hivyo hivyo, mgongo kwenye mkonge, mikono nyuma kama mkaguzi. Nikawaambia mkata mkonge huanza na ule mwiba wa ncha, asipouondoa utamtoboa (hapo sauti ilinitetemeka), kwamba maji yake yanawasha mwili mzima, kwamba majani hupelekwa kwenye mashine, nyuzi zikatoka nyeupe, ndiyo katani yenyewe. Akapita mwalimu na wanafunzi wake, wakasimama. Wakaja na wengine. Mwalimu akaniuliza maswali kwa heshima, akidhani mimi ni mtaalamu wa bustani, nami sikumkatalia. Nikawaambia baba yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, mama yangu alianika katani kwenye jua kali la Kimamba, na sisi wote tukasomeshwa na katani hiyo hiyo. Watu wakasogea karibu. Nikanoga. Nikasahau kila kitu, nikageuka mzima mzima kuwaonyesha mlingoti.

Ndani nilivaa boksa nyekundu, yenye maua makubwa meupe.

Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti. "Na hayo maua, baba, nayo ni ya Kimamba?"

Walicheka mpaka tausi wakakimbia. Mwalimu alijificha nyuma ya begi lake, mlinzi aliyekuja kunigombeza kwa kuruka kamba akashindwa kumaliza sentensi, Rehema amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. Nikajua posa imekufa kabla ya kupelekwa.

Ndipo mama mkwe akavua khanga yake ya juu, akanipa huku ametazama pembeni.

"Jifunge, mwanangu." Mwanangu! Kisha akaongeza, mbele ya watu wote, "Halafu umalizie. Ulikuwa umefika kwenye kuanika."

Nikajifunga, nikamaliza. Sikutetemeka tena, sauti ilitoka kifuani kabisa, na mwishoni walinipigia makofi, mlinzi naye alipiga. Nimewahi kupendeza siku nyingine, lakini sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama siku ile na khanga ya mama mkwe kiunoni.

Suruali ya kuazima sivai tena, hata mniite ikulu. Ukweni nakwenda na kanzu yangu mwenyewe, pana.

Posa ilipokelewa. Na siku mama mkwe alipofika Kimamba kwa mara ya kwanza, watu wamejipanga kumpokea, mkeka umetandikwa, chai ipo tayari, alishuka kwenye gari, akajitengeneza ushungi, akasema, "Kwanza nipelekeni kwa yule mama aliyeanika katani. Nataka nimpe mkono."