Kipande Chetu cha Ukuta

Kanisa la kijijini kwetu, bara kidogo kutoka Mombasa, lilijengwa na watu waliogawana ukuta. Kila ukoo ulipewa kipande chake: ukabeba mawe, ukachoma chokaa, ukajenga. Mpaka leo watu hukaa pale walipojenga babu zao. Kipande chetu ni kile cha dirisha la pili, upande wa kulia, na mama yangu aliolewa kwenye ukuta ule kama alivyoolewa katika ukoo wetu. Akikaa pale huegemeza bega, akasikiliza mahubiri yote hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuegemea ni sehemu ya ibada.

Huku Maskati ninakofanya kazi hatuna ukuta wa kuegemea. Tunasali Ijumaa, kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi, tena kwa zamu: wakitoka Wafilipino tunaingia sisi, na tukizidisha wimbo mmoja tu, Wahindi wameshasimama mlangoni na Biblia zao. Silalamiki. Ila ukikaa miaka mingi katika ukumbi wa zamu, unalikumbuka kanisa la kwenu kuliko hata ulipokuwa ndani yake. Sisi tunaotoka parokia ile tulipoona kwenye picha kwamba plasta imebambuka, tuliamua kulipendezesha. Tukachanga, tukapeleka saruji.

Mwenye mdomo nilikuwa mimi. Fundi mzee wa kijijini aliomba chokaa, akasema kuta zile hazijazoea saruji. Nikamjibu kwenye simu, kundi zima likisikia, kwamba dunia imeenda mbele, abaki na chokaa yake. Watu walicheka. Mimi ni fundi wa viyoyozi, nimetoboa kuta za kila namna, nikajiona nazijua.

Masika yaliyofuata, ukuta ulianza kutoa jasho. Mama akaniambia kitenge kinalowa begani. Mwaka wa pili saruji ikafanya malengelenge, ukungu ukapanda hadi dirishani, na mama, ambaye kifua humsumbua, akahamia kiti cha plastiki katikati ya kanisa. Halafu baraza la kanisa likatangaza kwamba kuta zimeoza kwa uzee, zibomolewe, ujengwe ukumbi wa matofali. Uamuzi ungepitishwa kwenye kikao cha mwezi uliofuata, baada ya ibada. Nililia kidogo, nasema kweli, nikalaumu uzee kama wenzangu.

Wiki hiyo hiyo nilitumwa kijiji cha Yiti kufunga kiyoyozi katika nyumba ya mawe ya zamani. Mwenyewe ni mama wa Kiomani, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Tabora, na alinianza kwa Kiswahili hata ngazi sijaishusha. Nikatoboa ukuta, nikapitisha bomba, nikakoroga saruji kidogo ya kuziba tundu.

"Wallahi, fundi, usinipakie hiyo," akasema. "Nna chokaa kwenye ndoo."

"Mama, saruji ina nguvu zaidi."

"Ndiyo tatizo lake hilo. Hebu njoo nikuoneshe."

Akanipeleka chumba cha nyuma. Marehemu kaka yake alikuwa amekipiga saruji chote, kwa mapenzi tu, alisema. Nikaona malengelenge yale yale, ukungu ule ule. Upande wa pili palikuwa na ukuta aliokwisha kuubandua saruji na kuupaka chokaa. Nikauwekea kiganja. Ulikuwa mkavu.

"Kuta hizi zinakunywa maji kisha zinayatoa," alisema. "Ukishaziba, yatokee wapi? Hauumwi ukuta huu, umezibwa pumzi. Khalas, chukua ndoo."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kuta zetu hazikuoza. Tulizikaba sisi, na katika sisi, mimi kwanza. Nikaziba tundu lile kwa chokaa, taratibu, huku namfikiria yule fundi mzee.

Siku ya kikao nilikuwa kazini, juu ya paa la nyumba moja Al Khoudh, jua limepamba moto. Mama aliinua simu yake ili wote wanisikie. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazito kuhusu urithi na jasho la babu zetu, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyekataa chokaa, kwamba nilimvunjia heshima fundi mbele za watu, na kwamba ninaomba jambo moja. Wabandue saruji kwenye kipande chetu peke yake, kipakwe chokaa, wangoje masika yapite. Kikilowa, wabomoe, nami sitatia neno.

Nikaibana simu sikioni. Kisha nikamsikia fundi mzee akikohoa.

"Chokaa nitachoma mimi," akasema. "Lakini akija likizo, kukoroga ni kwake."

Watu wakacheka, na safari hii nilistahili. Mwenyekiti wa baraza akakubali, masika hayo tu.

Sijawahi kuifuatilia mvua kama mwaka huu. Mimi huku natokwa na jasho, na kila asubuhi nafungua simu kutazama kama kwetu kumenyesha. Kulinyesha kweli, hata barabara zikakatika. Nilikuwa nikimpigia mama na kumuuliza habari za mbuzi, kwa sababu habari za ukuta niliziogopa.

Jumapili iliyopita alinipigia mwenyewe, nikiwa naendesha gari la kazi Qurum. Nikaegesha pembeni. Akanisimulia mnada wa mavuno pale kanisani na jogoo aliyetoroka chini ya mabenchi. Akasema mwenyekiti amekuja kutia kiganja kwenye kipande chetu, akakizungusha huku na huku, kisha akamwambia fundi achome chokaa nyingine, kipande cha ukoo wao kifuate. Nikazima injini. Kisha nikamuuliza ninachomuuliza kila wiki.

"Kasisi amehubiri nini leo, mama?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilirudi mahali pangu, nikaegemea, nikasinzia mpaka baraka."